Jibu: Haldeman ni nani?

Ndugu, uliuliza Scott Haldeman ni nani, maana anayekunyoosha mgongo pale Ngara hamalizi kumtaja. Alikulia Pretoria, baba na nyanya yake wakiwa wanyooshaji wa uti wa mgongo. (Ndiyo, ni mjomba wa Elon Musk, lakini hilo tuliache.) Yeye hakuridhika na urithi: alisomea kairopraktiki (tiba hiyo ya kunyoosha uti wa mgongo), kisha fiziolojia ya neva, yaani jinsi neva zinavyofanya kazi, hadi uzamivu, kisha udaktari wenyewe, akawa bingwa wa neva. Aliongoza jopo la kimataifa la maumivu ya shingo, ripoti ikatoka 2008. Kwangu, kubwa zaidi ni World Spine Care, shirika la tiba ya uti wa mgongo alilolianzisha, lililofungua kliniki Botswana. Sisi wa viti vya nyuma kwenye matatu tungelihitaji hapa.