Shina la waridi la jangwani kulainika
Ndugu unayeuliza kama waridi lako la jangwani lina kiu: kama shina limelainika na udongo bado una maji, hiyo si kiu, ni kuoza. Shina lenye kiu hunywea tu, na ukilimwagilia hujaa tena baada ya siku chache. Kama linaoza, ung'oe mmea leo leo. Kata sehemu yote ya kahawia mpaka ukute nyama safi, halafu uache kivulini penye hewa kama wiki nzima, kidonda kikauke. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu, wawindaji waliupaka mishale. Upande tena kwenye mchanga wa chembe kubwa na kokoto ndogo, udongo wa bustani kidogo sana, chungu kiwe na matundu. Ile sahani ya chini itupe. Na mmea ukipukutisha majani msimu wa baridi, usiumwagilie kwa huruma.