Kabla ya Kununua Vihisi, Pimeni Mitaro

Kila ninapokutana na vijana wanaotaka kuanzisha mradi wa teknolojia kwa ajili ya mji wao, maswali yao ya kwanza huwa ya vifaa: kihisi gani, yaani kifaa kinachojipimia chenyewe na kutuma vipimo, kinafaa, droni hukodishwa kwa shilingi ngapi, seva iwekwe wapi. Nami huwauliza kama wanajua mtaro unaopita nyuma ya ofisi ya serikali yao ya mtaa unamwaga maji wapi. Wengi hucheka, kisha hukiri kwamba hawajui. Siwalaumu, kwa sababu nami sikujua lolote kuhusu mitaro nilipoanza kazi hii ya kuchora ramani za mitaro na mafuriko Dar es Salaam nikiwa mwanafunzi wa mipango miji, nikidhani kwamba ramani ni kitu kinachochorwa mezani.

Wakazi wa Dar wanaujua Mto Msimbazi bila kuelezwa. Unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, na mvua ikizidi Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walichora kata hiyo kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bila malipo, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi ya namna hiyo katika kata nyingine nyingi zinazokumbwa na mafuriko. Kikundi chetu kidogo kilianza baadaye, kwa kuiga njia waliyoipitia wenzetu hao.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kitoto. Tulitembea siku kumi tukirekodi mitaro kwa simu, tukarudi na ramani yenye mistari mizuri ya buluu kila kona. Mhandisi mmoja aliitazama kwa dakika mbili, akauliza maji yanakwenda upande gani, kila mtaro una kina gani, ni wa zege au wa udongo, na ni wapi umeziba. Hatukuwa na jibu hata moja. Katika OpenStreetMap mstari wa mto au mtaro huchorwa kufuata maji yanakoelekea, lakini sisi tulikuwa tumechora kufuata tulikotembea, hivyo kwenye ramani yetu karibu nusu ya maji ya kata ile yalikuwa yakipanda mlima. Tulirudia kazi yote, safari hii tukiwa na futikamba na fimbo iliyotiwa alama za sentimita. Kwa hiyo, kabla hujatoka nje, mtafute mtu atakayeitumia hiyo data, awe mhandisi, afisa afya au mwenyekiti wa mtaa, umwombe akueleze ni uamuzi gani angeufanya kama angekuwa nayo mkononi. Maswali ya fomu yako yatokane na jibu lake, hata kama jibu hilo litakulazimu kuacha nusu ya mambo uliyotamani kuyapima.

Sehemu kubwa ya maarifa ya mafuriko haimo katika picha za setilaiti, bali vichwani mwa watu walioishi bondeni miaka mingi. Ukimwuliza mama anayeuza maandazi maji yalifika kina gani, hatakutajia sentimita; atakuonyesha kwa mkono kwamba yalimfika gotini, au kiunoni. Kichukue kipimo chake kama alivyokitoa. Fomu yetu ya simu ilikuwa na majibu matano tu, yaani kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua na juu ya kichwa, na majibu ya majirani yalilingana kuliko nilivyotarajia. Pale yalipotofautiana sana, mara nyingi tuligundua kwamba mmoja alikuwa akikumbuka 2011 na mwenzake akizungumzia mvua za Aprili 2018, na tangu hapo tunauliza mwaka kwanza, kisha kina.

Lakini amkia kwanza, ueleze kilichokuleta, na simu ikae mfukoni mpaka uruhusiwe kuitoa. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi ziliwekewa alama ya X nyekundu, kisha zikabomolewa, na watu hawajasahau. Mzee mmoja alituambia, bila hasira yoyote, kwamba kazi kama yetu huanza kwa picha na kuishia kwa tingatinga. Hatukuwa na hoja ya kumjibu. Tulichofanya ni kuacha kwenda popote bila mjumbe wa eneo, na kutenganisha mambo ya kuwekwa wazi na yasiyopaswa kutoka kabisa: mitaro, makalavati, njia na visima vya umma vikaingia kwenye ramani huria, majina, namba za simu, umiliki wa viwanja na idadi ya watu katika kila nyumba hatukuvichukua tena. Tanzania imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 na Kenya ina yake ya 2019, ila kwa maoni yangu njia salama kuliko zote ni kutoikusanya kabisa taarifa ambayo huna kazi nayo. Wala sitadai kwamba hilo linamaliza hatari. Ramani inayoonyesha nyumba zilizo katika mkondo wa maji humfaa anayepanga kuokoa watu, na humfaa vilevile anayepanga kuwahamisha, na jambo hilo ni haki ya wakazi kulisikia kutoka kwako mapema.

Sasa nirudi kwenye vifaa. Droni ninazipenda, kwa kuwa huonyesha paa kwa paa mitaa ambayo hubadilika kabla picha za setilaiti hazijasasishwa, ila haziuoni mtaro uliofunikwa kwa vibao vya zege wala ule unaopita chini ya miembe. Huo sharti uufuate kwa miguu. Vihisi vilinifunza somo lililoniuma zaidi. Tulipata fedha za kufunga kihisi cha kina cha maji chini ya daraja moja la waenda kwa miguu, nacho kikafanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa. Bando lake lilikuwa likilipwa na mwenzetu mmoja ambaye baadaye alipata kazi mkoani, na hakuna aliyekumbuka kulirithi jukumu hilo. Mvua kubwa ilipofika, skrini yetu iliendelea kuonyesha kipimo cha mwisho kilichopokewa, cha siku ya jua kali, wakati mlinzi wa karakana iliyo jirani alikuwa ameshampigia mwenyekiti simu kumwarifu kwamba daraja limezama. Sikuhizi, badala ya kihisi, nguzo ya daraja lile ina alama za rangi kila sentimita 20, na mlinzi huyohuyo hutuma picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukitaka kihisi, nunua, lakini andika kwanza ni nani atalipa bando, nani atakisafisha na nani mwingine anaijua nywila.

Kuhusu uhuria wenyewe, yaani kuiacha data itumiwe na yeyote, usiishie kuweka faili la picha mtandaoni ukasema data iko wazi. Nairobi inatoa mfano mzuri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ikatolewa pamoja na data yake katika muundo unaotumiwa na programu za usafiri duniani, bila malipo. Kwa sababu ya muundo huo, mwaka uliofuata njia za matatu ziliweza kuonekana kwenye Google Maps, kazi ambayo wanafunzi wale hawakuhitaji kuifanya wenyewe.

Sisi huwa tunachapisha ramani kubwa ya karatasi na kuibandika ukutani katika ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Watu huandika juu yake: hapa pameziba, kalavati hili limevunjika, njia hii sasa ni ukuta wa mtu. Kila Februari, kabla ya masika, vijana wawili huzunguka siku mbili na futikamba, wakihakiki yaliyoandikwa, kisha huyaingiza kwenye OpenStreetMap pamoja na tarehe. Orodha ya mitaro iliyoziba hupelekwa kwa mwenyekiti siku hiyohiyo, ikiwa imepangwa kwa mashina, ili kila mjumbe ajue ni wapi atawaita watu wake wakiwa na makoleo.