Jimbo la Barwon, New South Wales

Ndugu, umeuliza inakuwaje mbunge mmoja wa Barwon awakilishe eneo karibu sawa na Ujerumani nzima. Majimbo ya uchaguzi ya bunge la New South Wales, Australia, hugawanywa kwa idadi ya wapiga kura, si ukubwa wa ardhi. Na huko Bourke na Cobar, miji ya Barwon, watu ni wachache mno. Kijijini ni kilomita tu, kura hakuna!

Chama cha wakulima, leo Nationals, kilishika Barwon tangu 1950. Kilichokiangusha 2019 ni maji: mto Darling ulikauka, samaki wakafa kwa maelfu pale mjini Menindee, wapiga kura wakakilaumu. Roy Butler wa chama cha wawindaji, wavuvi na wakulima (Shooters, Fishers and Farmers) akashinda, kisha 2023 akarudi kama mgombea huru.