Kocha na uchovu wa kazi: muone mapema

Ndugu, umeuliza kama kocha wa kazi (si wa michezo, ni mtu anayekusaidia kwa mazungumzo kupanga kazi yako) anaweza kukusaidia kabla kazi haijakumaliza. Anaweza, ila muone mapema. Shirika la Afya Duniani halihesabu uchovu huu wa kazi, yaani burnout, kuwa ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa: nguvu zinakwisha, moyo unajitenga na kazi, ufanisi unashuka.

Kocha mzuri hakupi mawaidha, anakuuliza. Wiki hii umekubali mangapi ambayo ungeweza kuyakataa? Kazi ipi inakunyonya nguvu, na ipi inakurudishia? Kisha mnachagua hatua moja ndogo, labda maneno utakayomwambia bosi akikuongezea mzigo, na mkikutana tena anataka kujua ilikuwaje. Kwangu mimi faida kubwa iko hapo, kwa sababu mipaka yetu tunaijua sote, kuisimamia ndiyo shida.

Mzigo wenyewe ukiwa haubebeki, kocha hawezi kuupunguza. Hilo ni la mwajiri. Na kama hulali au huzuni haikuachi, tafadhali anza na daktari au mshauri nasaha. Usisubiri.