Bati la geji 28 au 30 kwa paa la nyumba ya Kigamboni, karibu na bahari?

Ndugu, kwa nyumba iliyo karibu na bahari chukua geji 28 (geji ni namba ya unene wa bati). Namba ikishuka bati linakuwa nene, na la 30 fundi akilikanyaga katikati ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) linabonyea, maji yanatuama hapohapo. Ila unene peke yake hauzuii chumvi. Muulize muuzaji mpako: alu-zinki (mchanganyiko wa alumini na zinki) hustahimili upepo wa bahari kuliko zinki tupu. Na usikubali jibu la "hili ni geji 28 mzee", beba kipimo cha milimita, maana kuna 28 za sokoni ambazo ni 30 iliyobatizwa.

Kuhusu kuvuja kwenye misumari: kwa bati la migongo midogo msumari unapigwa juu ya mgongo, si bondeni yanakopita maji. Uwe na mpira, na ugongwe mpaka mpira ukae tu. Ukizidisha mpira unapasuka, na baada ya jua la miezi michache tone linaanza. Bati moja lilale juu ya jingine: ubavuni mgongo mmoja na nusu, kwa urefu sentimita 15, na paa likiwa la mteremko mdogo weka 20 au zaidi.

Mkataze fundi kukata bati la rangi kwa grainda. Zile cheche zinaunguza rangi na vumbi la chuma linaganda juu, kisha unaona vidoa vya kutu kama pilipili manga. Mkasi wa bati unatosha, na mabaki yafagiliwe siku hiyohiyo.