Maziwa mabichi na ALP ya mtoto: ndiyo ni fosfatasi, lakini haikutoka kwenye kikombe

Kamwene wadau. Uzi huu nimeuona jana usiku, na naona majibu mengi yamekimbilia kumwambia dada atafute dawa ya ini. Tusimtie mtu presha bure.

Dada wa Makambako, nirudie swali lako kwa wanaoingia sasa. Kijana wako wa miaka 13 alipimwa damu, ALP ikasoma 340, na karatasi inasema mwisho ni 130. Baba yake akasoma mahali kwamba ALP, yaani fosfatasi, ni kimeng'enya kinachopatikana pia kwenye maziwa mabichi, akapiga marufuku maziwa ya ng'ombe wenu. Unauliza kama kweli ni maziwa, na kama kuchemsha kunatosha huku kwetu milimani ambako maji huwahi kuchemka.

Mimi si daktari. Nilikaa miaka sita kwenye chumba cha kupima maziwa cha kiwanda kidogo mkoani Njombe, na sasa nalima. Fosfatasi nimegombana nayo pande zote hizo.

Jibu la kwanza: hapana, si maziwa. Kimeng'enya ni protini. Kikifika tumboni kinakatwakatwa kama maharage na nyama, hakipenyi kwenye damu kikiwa kizima hadi kikasomwe na mashine. Ila shemeji hakuokota jambo hewani. ALP ni fosfatasi ya alkali, inaitwa hivyo kwa sababu hufanya kazi vizuri penye alkali, kwenye pH ya karibu 10. Iliyomo kwenye maziwa inatoka kwenye kiwele cha ng'ombe, na ni ya aina ileile inayotengenezwa na ini na mifupa. Ni ndugu kweli, ila kila mmoja anaishi kwake.

Kazi ya fosfatasi yoyote, iwe ya ng'ombe, ya mtu, ya uyoga au ya bakteria, ni moja: kung'oa kipande cha fosfeti kwenye molekuli kwa kutumia maji. Wapo wenzao waitwao kinasi ambao kazi yao ni kubandika. Huyu anabandika, yule anabandua, na seli inatumia mchezo huo kuwasha na kuzima protini zake. Fischer na Krebs walipata Nobel mwaka 1992 kwa kuuonyesha.

Sasa kiwandani. Tulikuwa na tangi la lita 300 lenye kuta mbili, maji ya moto yanazunguka katikati. Maziwa yanapandishwa hadi nyuzi 63 na kushikiliwa hapo dakika 30. Wenye mitambo mikubwa wanayapitisha kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15. Shida ni kujua kama kila tone limefika. Ukisema uoteshe bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe ili ujiridhishe, utasubiri wiki na wiki, mtindi umeshaliwa. Hapo ndipo fosfatasi inasaidia: inavumilia joto zaidi kidogo kuliko bakteria huyo, na kuliko Coxiella burnetii anayeleta homa ya Q. Ukiikuta imekufa, hao walishatangulia. Yenyewe haina madhara kabisa, ni shahidi tu. Ujanja huu waliuanzisha Kay na Graham huko Uingereza miaka ya 1930, na mwaka 1949 Aschaffenburg na Mullen wakaurahisisha ukawa wa kutazama rangi.

Unaweka mililita 5 za kimiminika kisicho na rangi kwenye kitestubu, unaongeza mililita 1 ya maziwa, unakiweka kwenye maji ya nyuzi 37 kwa saa mbili. Kama fosfatasi ipo hai, inang'oa fosfeti na kinachobaki ni cha njano. Pembeni unaweka kitestubu cha maziwa yaliyochemshwa kabisa, cha kulinganishia, maana maziwa yenyewe yana rangi yake ya krimu inayoweza kukudanganya.

Mwezi wa sita mmoja, ile baridi ya Njombe ya kuvaa makoti mawili, kitestubu kikatoka cha njano. Si njano ya kubishaniwa, njano kama ganda la ndizi mbivu. Nikarudia, njano. Kipimajoto tukakitumbukiza kwenye maji yanayochemka pamoja na kingine kipya, vikasoma sawa. Bosi akamgeukia kijana wa zamu kwamba alikatisha zile dakika 30, kijana akaapa kwa kaburi la babu yake. Nilimwamini, maana siku ile nilikuwa naye.

Kesho yake nikachukua sampuli tatu badala ya moja: kikombe cha kwanza kutoka kwenye koki, kingine baada ya ndoo mbili kutoka, na cha tatu nikachota juu ya tangi kwa upawa. Cha njano kikawa kile cha kwanza peke yake. Tukainama chini ya tangi. Koki ilikuwa imeunganishwa kwa kipande cha bomba kirefu kama mkono hadi kiwiko, kimening'inia nje ya ukuta wa maji moto. Wakati wa kujaza, maziwa mabichi yanaingia mle na kutulia. Huko ndani wenzao wanapata joto, wao wamekaa kwenye baridi ya Juni. Siku za joto kidogo pengine yalikuwa yanapona kwa bahati.

Hayakufika hata nusu lita. Lakini kipimo hiki kinaona sehemu moja ya maziwa mabichi kwenye elfu moja, yaani mililita 300 kwa tangi letu zima. Fundi akakata bomba akachomelea koki ubavuni mwa tangi. Maziwa ya siku ile tuliyapasha upya. Ya nyuma yalikuwa yameshanywewa, na hilo liliniondolea usingizi kwa siku kadhaa, sifichi.

Kwa hiyo kwenye maziwa ninaitaka imekufa. Kwenye mifupa ya kijana wako ni kinyume chake. Seli zinazojenga mfupa zinatoa ALP ili kuvunja pirofosfeti, kitu kinachozuia madini yasishike. Kikivunjwa, kalsiamu na fosfeti vinaganda na mfupa unakuwa mgumu. Wapo wanaozaliwa na ALP hafifu mno, mifupa yao inabaki laini. Mtoto wa miaka 13 anayeongezeka urefu kila ukimtazama, ALP yake kuwa mara mbili au tatu ya mtu mzima ni jambo la kawaida, na hiyo 130 kwenye karatasi yako inanukia kipimo cha watu wazima. Mama mjamzito naye hupanda miezi ya mwisho, kwa sababu kondo la nyuma linatoa ya kwake. Mtu aliyevunjika mguu hupanda pia wakati mfupa unaunga. Matege nayo huipandisha, kwa hiyo daktari amtazame miguu. Mkitaka kujua kama inatoka kwenye ini, muulizeni daktari kuhusu GGT, kimeng'enya kingine kinachopimwa kwenye damu. Hiyo hupanda ini au njia za nyongo zikiwa na shida, lakini mifupa haiigusi. Kama GGT iko sawa, hana manjano na anakula vizuri, mimi ningelala.

Na namba moja msiichukulie kama msahafu. Wifi yangu alipimwa kwenye hospitali moja, jina naliacha, ALP ikaja karibu na sifuri, kalsiamu chini kabisa, potasiamu juu kiasi cha kumtisha daktari, na mwenyewe amekaa kwenye benchi anakula karanga. Ilikuwa damu iliyomiminwa kutoka kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau kwenda nyingine. Chupa ile ina EDTA ya potasiamu, inayokamata madini. ALP inaishi kwa zinki na magnesiamu, ukimnyang'anya hizo hafanyi kazi. Wakatoa damu upya, kila kitu sawa.

Waliouliza katikati ya uzi kama fosfatasi inahusiana na mbolea: inahusiana sana, ila huyo ni wa ukoo mwingine. Udongo wetu mwingi ni mwekundu wenye tindikali, na ule wa Rungwe ni wa volkano. Chuma na alumini vilivyomo vinaikamata fosforasi, unamwaga mfuko wa DAP na mahindi bado yanatoka na majani ya zambarau. Nyingine imejifungia kwenye samadi na mabaki ya mimea, na mzizi hauwezi kuinywa hivyo. Mmea ukibanwa na njaa ya fosforasi, mizizi inatoa fosfatasi ya tindikali, na vijidudu vya udongo vinaongeza ya kwao. Hata bakteria E. koli wa tumboni hufanya hivyohivyo: fosfeti ikiwepo ya kutosha anatulia, ikiadimika anaanza kutengeneza ALP kwa wingi. Wazee wa Mufindi wanaochukua udongo wa chini ya paini za zamani na kuutia kwenye vitalu hawakusoma haya, lakini wanabeba kuvu wanaoishi na mizizi, na kuvu hao wana fosfatasi zao. Shambani kwangu samadi imenisaidia kuliko kuongeza mfuko wa pili wa mbolea.

Mfuga kuku aliyeuliza kuhusu fitasi, kile kimeng'enya kinachochanganywa kwenye chakula cha kuku: nayo ni fosfatasi. Fosforasi nyingi ya mahindi na pumba imefungwa kwenye kitu kiitwacho fitati, na kuku hana kimeng'enya cha kutosha kuifungua. Ng'ombe hana shida hiyo, vijidudu vya tumbo lake vinamfanyia kazi.

Dada, nimalizie la kuchemsha. Ni kweli huku maji huwahi kuchemka. Hata Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, na kinachotakiwa ni 72 kwa sekunde 15. Yakipanda kwenye sufuria, koroga, yaache yapande tena, epua. Mpe kijana kikombe chake.