Bei ya hisa kushuka nusu kwa siku moja

Dada wa Mafinga umeuliza kuhusu hisa iliyotoka shilingi 1,200 hadi 600 kwa siku moja: huenda haijaporomoka. Tafuta tangazo la kampuni: kama kila hisa 1 iligawanywa kuwa 2, bei zote za kabla ya siku hiyo zigawe kwa 2 ndipo ulinganishe. Na usiishie kwenye bei ya kufungia, yaani bei ya mwisho ya siku, soma pia idadi ya hisa zilizouzwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina hisa ambazo siku nyingine haziuzwi kabisa, bei ya jana inarudiwa tu. Mstari wa bei ulionyooka hivyo kwenye chati usiuite utulivu. Gawio nalo, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, lijumlishe unapohesabu ulichopata: ulinunua 500, leo 520, gawio 30, umepata 50, yaani asilimia 10, kabla ya kodi na ada ya dalali.